Kilo Nne na Robo

Jumatatu nilifika uwanjani nikakuta ubao mtupu,
matundu manne ya nati, kutu imelia hadi chini,
na watoto kumi na wanane wanautazama
kama waliofika msibani, maiti haipo.

Pete imeibiwa.
Wavu tulishausahau, ulikwenda na masika ya mwaka juzi,
lakini pete, jamani. Pete!
Nikapuliza filimbi. Kocha asiyejua la kufanya hupuliza filimbi.
"Leo tunadunda tu. Mkono wa kushoto."
Wakadunda mpira wetu mmoja wenye nundu
na miwili ya kandanda, iliyochujuka.
Ndege ikapita juu ya Kiwalani, magurudumu nje,
tukanyamaza sote, ndiyo desturi yetu,
sentensi yangu ikabaki hewani
ikisubiri ndege itue.

Mchana mimi ni msoma mita za maji.
Napiga magoti kwenye mashimo ya watu,
nafuta tope kwenye kioo, naandika tarakimu.
Kwa hiyo najua: kinachopotea mtaani hufuata mteremko,
na mteremko wa chuma unaishia Vingunguti,
kwa Bi Siwema.

Pale, kati ya bajaji iliyokufa na vitanda vya hospitali,
niliiona. Ile rangi ya chungwa niliipaka mwenyewe,
kwa brashi ya kuazima.
"Kilo nne na robo," akasema bila kuniangalia.
"Nimenunua mia nane, nauza elfu moja mia mbili."
"Ni ya watoto, mama."
"Kila kitu hapa ni cha watoto wa mtu."
Nikalipa elfu tano na mia moja.
Ndipo nikauliza, na bora ningenyamaza,
nani kaileta.
"Kijana mrefu, mpole, kaniamkia mara mbili.
Gumba lina plasta ya buluu."

Plasta ile niliifunga mimi, Alhamisi.
Gumba la Shomvi liliteguka akidaka pasi yangu mbaya.
Nikamwambia: siku tatu usishike kitu kizito.

Njiani, pete begani kama mkoba,
nikapiga hesabu. Mia nane mara nne na robo:
elfu tatu na mia nne.
Unga, dagaa, mafuta ya kupima, mkaa wa kopo,
haibaki hata ya kiberiti.
Mama yake huuza mihogo pale kona ya uwanja.
Wiki nzima sijaliona karai lake
na mimi, msoma mita, sikusoma.

Jumanne alifika kabla ya wenzake.
Hakuuliza pete nimeipata wapi.
Akapanda ngazi, mimi nikashika chini.
"Kaza."
"Imekaza, kocha."
"Kaza tena."
Akakaza hadi spana ikateleza,
akakaza kwa mkono wenye plasta,
na ndege ikapita.
Nilimwona akisema kitu, midomo tu,
kirefu kuliko "imekaza",
nami nikatikisa kichwa kama mtu aliyesikia.

Pete imekaa upande.
Ilipinda kwenye toroli, au kwenye mizani,
au sisi wawili hatujui kufunga pete.
Inainamia kushoto, upande wa msikiti.
Nikawafundisha hivyo hivyo: lenga kulia, kidole kimoja,
uuache uanguke wenyewe.
Wakazoea. Kalunde, ana miaka kumi na mmoja tu,
anafunga huku anamsimulia mtu hadithi.

Jumamosi tulicheza Upanga, shule yenye uzio,
pete imenyooka kama mstari wa daftari, wavu mweupe.
Tukakosa mitupo huru kumi na mmoja,
yote kulia, kidole kimoja.
Kocha wao akaja kunipa pole.
Wangu walikuwa wamekaa chini, wanacheka mpaka machozi.

Shomvi alifunga mmoja, wa mwisho, usiotosha kitu.
Hakushangilia. Alisimama chini ya ile pete mpya
akaitazama kwa muda mrefu,
kama mtu anayekadiria uzito.