Taarifa ya Katibu Kuhusu Kizibo

Wanachama, habari za Moshi.
Bahari hatuna, ziwa hatuna.
Tuna mlima, na mvua inayopiga bati hadi redio inyamaze,
na boti tano chini ya migomba,
kila moja juu ya trela lake, pua imeelekea kusini
kama ng'ombe aliyenusa maji.

Kwanza, bwawa.
Nyumba ya Mungu maji yamepungua.
Pale tulipoegesha mwezi wa tano sasa mbuzi wanakula.
Visiki vya zamani vimetoa vichwa;
vingine havijatoa, na hivyo ndivyo vya kuogopa.
Nenda polepole. Mtu mmoja akae omo, simu ameizima.
Ukiona chupa za plastiki zinaelea kwa mstari, hizo si taka,
ni nyavu, ni ada ya shule ya mtoto wa mtu.
Zunguka.

Pili, beringi.
Bwana Jivraj ameunguza mbili kwa safari moja,
akalala ndani ya boti katikati ya miwa ya TPC.
Mlinzi wa zamu alimmulika mara tatu,
akaenda kunawa uso, akarudi kumulika tena.
Fundi Senzige yupo Pasua, grisi anayo,
ila mfikie akishamaliza supu, kabla hajaudhika.

Tatu, oili na petroli, moja kwa hamsini.
Si kwa macho!
Anaeli alipima kwa macho,
na kwa wingu alilotutolea
tulidhani Moshi yote imehamia bwawani.

Nne, kizibo.
Hapa niruhusuni nikae kidogo.

Miaka sita nimeandika mstari huu huu:
kabla ya kushusha chombo, funga kizibo cha ngama.
Mmenitania harusini, mmenitania msibani.
Basi, Jumamosi ile nilichukua boti ya Mama Aikande Kweka,
ile aliyoiunda marehemu mumewe kwa mbao za mvule
akaipaka rangi ya jani la kahawa.
Kuku wameitagia miaka mitatu.
Aliniambia, "Nijaribishie, halafu unifundishe."
Nilitoa mayai kumi na moja.
Niliosha, nikapaka grisi, nikapima oili kwa kikombe,
nikashusha.

Maji yalianzia kwenye viatu.
Nikasema, mawimbi.
Saa moja asubuhi, bwawa limelala kama sinia,
na mimi nasema mawimbi.
Kizibo kilikuwa mfuko wa shati, upande wa kushoto,
kimeshika joto langu.

Walionivuta ni vijana wa zile nyavu.
Hawakudai hata mia.
Mmoja aliuliza tu, huku anakamua fulana yake,
"Katibu wa nini?"

Mganga hajigangi, mtasema. Semeni.
Nilikata jani la isale, nikapanda nalo Machame.
Mama alilipokea bila neno, akalichomeka dirishani,
akanimiminia chai.
Alizungumzia bei ya kahawa.
Alizungumzia mwezi wa nane na baridi yake,
na jirani aliyehamisha mpaka kwa hatua mbili.
Boti hakuitaja.
Nilipoaga akanyoosha kiganja:
"Kilete."
Nikampa.

Mengineyo: ada ya mwaka ni ile ile,
na wanaodaiwa wanajijua.
Injini iliyozama imefunguliwa, imeanikwa kwa Senzige
kama dagaa.
Jumapili saa mbili tunaondokea Pasua, mvua isipokataa.

Mtamwona mwanachama mpya.
Shingoni, kwenye uzi mmoja na ufunguo wa nyumba,
amevaa kizibo.
Atashika usukani yeye.
Mimi nitakaa omo,
simu nimeizima.