Nusu Lita

Daftari langu lina doa la nta kwenye jalada.
Kila safari naandika: tarehe, madumu ya asali,
kilomita, dizeli.
Tabora, Sikonge, hadi Ipole na kurudi,
mia mbili na nne, barabara haijawahi kurefuka.
Lita ishirini na nne. Miaka minne, ishirini na nne.

Tangu Machi, ishirini na tano.

Lita moja.
Mwenye malori atacheka.
Mimi nakung'uta dumu kichwa chini usiku kucha
nipate kijiko.

Sikumwuliza Msonda. Nilimtazama mikono.
Alipokwenda kunywa chai nikainama nyuma ya kiti,
nikauchomoa mpira wa kunyonyea, nikaunusa
kama mgambo anayenusa gongo.
Ulinuka dizeli. Mpira wa namna hiyo
ungenuka nini kingine?

Juni ikaingia na kipupwe chake.
Isevya, saa kumi na mbili alfajiri, pikapu ikagoma:
ikaguna, ikanyamaza, ikaguna tena
kama mtu anayeamshwa akalipe deni.
Nkumba fundi akavuta kijiti cha oili,
akakiacha kichuruze.
Hakikuchuruza.

"Nani kakuwekea hii?"

Msonda akatazama viatu vyake.
Mimi.
Mimi ndiye niliyeinunua, dumu jeusi, namba hamsini,
kwa kuwa ilikuwa bei rahisi, na muuzaji aliapa
gari kuukuu ni kama mgonjwa, lahitaji uji mzito.
Mwezi gani? Machi.

Nkumba akaniomba asali. Ya aina zote mbili.
Akainamisha kipande cha bati,
akadondosha tone la nyuki wakubwa,
na kando yake tone la nyuki wadogo.
La nyuki wadogo lilishafika chini, lishaanguka mchangani,
lile jingine bado linaaga.

"Basi injini yako," akasema, "kabla haijausukuma mzigo,
inaisukuma oili. Na kusukuma huko kunakunywa."

Nikasema haraka: tia nyepesi kuliko zote.
Akanikata jicho.
"Ukimtilia maji, vyuma vitakutana.
Na vyuma vikikutana, Dada Kalekwa, havisalimiani.
Kitabu chake kiko wapi?"

Kilikuwamo kwenye droo ya dashibodi,
chini ya risiti, chini ya mswaki wa Msonda,
kurasa zimegandana kwa asali.
Jedwali dogo: joto huku, baridi kule,
namba iliyotakiwa imekaa pale tangu kiwandani
ikingoja mtu wa kusoma.

"Ila usitegemee muujiza," Nkumba akafuta mikono.
"Katika mia, mbili, labda tatu.
Anayekuahidi robo tenki anauza chupa."

Tukamwaga ile nyeusi. Ilitoka polepole,
kwa kinyongo.

Ipole na kurudi.
Nikapiga hesabu mara tatu kwa kalamu, mara moja kwa vidole:
ishirini na nne na nusu.

Nusu imerudi. Nusu bado.

Yaweza kuwa mchanga wa Tutuo.
Yaweza kuwa tairi la nyuma, lile linalopumua usiku.
Yaweza kuwa Juni yenyewe.
Yaweza kuwa kichochoro cha kwa dada yake, Msonda,
mwenye mapacha na jiko la mafuta.

Jioni akaingia ofisini bila kubisha.
Akauweka juu ya daftari ule mpira,
ameuosha kwa sabuni, ameukunja vizuri,
haunuki chochote.
"Ukate," akasema, "ufungie miche yako."

Kumbe aliniona.

Nimeandika ishirini na nne na nusu.
Safu ya sababu nimeiacha wazi.
Mpira bado uko mezani, sijaukata,
na kila nikifungua daftari
inabidi kwanza niusogeze.