Mlinzi wa Lango la Tatu

Umeme umekatika Magomeni, tukacheza kwa tochi ya simu:
dunia ya kubuni, karatasi za daftari,
dadu mbili tulizoazima kwenye ludo ya watoto.
Mwanahawa ndiye mchawi wetu.
Mlinzi wa lango kamzuia. Akasema, "Namfuta kumbukumbu.
Haumii. Hatoki hata damu."

Msimulizi ni mimi. Ningeweza kusema: haya, tupa.
Lakini baba yangu alilinda ghala Chang'ombe miaka kumi na tisa,
na mwishoni aliniita "kijana",
kwa adabu, kama mgeni aliyekuja kuuliza njia.

Nikauliza: unafuta zipi?
Za usiku wa leo tu? Au na jina la mkewe,
na kona ya kukatia kwenda kwake?

"Huyo si mtu," akasema Mwaluko. "Ni maneno yako."

Kweli. Na uchawi nao ni maneno.

Mwanahawa akazishika dadu mpaka zikapata joto la kiganja.
Jenereta la jirani likakohoa, likanyamaza.
"Ana jina?"

Sikuwa nimempa.
Nikampa la baba.
Bado hajatupa.