Njia Haina Kibao

Bajaji ilituacha Kibada, nyuma ya duka la mabati,
Sikudhani na mimi, na viatu vya mtumba visivyolingana na umri wetu.
Tulisema tutakwenda mpaka Buyuni.
Njia inaanzia hapo, haina kibao,
haina hata jina moja:
wa baiskeli huiita ya Mkaa,
wa farasi huiita Mchangani,
na mama aliyetuuzia vitumbua alituuliza tu,
"Ile ya kwa miguu?"

Mchanga ni karani asiye na likizo.
Umeandika tairi lenye kiraka, kila mzunguko kiraka,
unyayo wa mtoto, kidole gumba kilichojikwaa,
na ukwato, mviringo kama kisahani.
Sikudhani akaweka kisigino ndani yake.
Kikaenea.

Karibu na Gezaulole njia ikawa nyembamba kama mshipi,
huku mikunazi, huku shimo la kokoto.
Mbele yetu kengele: Pazi,
magunia mawili ya mkaa, juu yake trei za mayai.
Nyuma yetu farasi jike, wa kijivu, Zabibu,
na Lomayani wa zizini akimnyoosha miguu
kabla jua halijawa kali.

Nani ampishe nani?
Mjini tumezoea, mkubwa hupita.

Pazi alishuka, akaiziba kengele kwa kiganja
kama mdomo wa mtoto msibani.
Sisi tukaingia kwenye miba, migongo kwanza.
Lomayani naye akashuka. Farasi, alisema,
haogopi mtu, anaogopa mwavuli.
Nikaukunja wangu.

Zabibu akapita taratibu, akayanusa mayai,
pumzi yake ikanipiga shavuni.
Miaka hamsini na mitatu ya Dar es Salaam
na sikujua farasi ananukia nyasi
na shuka iliyolaliwa.

Hakuna yai lililovunjika.
Pazi alihesabu mara mbili.

Buyuni hatukuifika. Kabla ya Mbutu goti langu liligoma,
tukageuka, tukitafuta nyayo zetu za asubuhi:
tairi limepita juu yake, na ukwato juu ya tairi,
na kuku fulani juu ya vyote.
Alasiri Pazi akatokea, anarudi kwao, magunia matupu.
Aliliangalia goti, akageuza baiskeli bila kuulizwa,
akanipakia kwenye keria hadi dukani.

"Kwa miguu nimeijua, kwa tairi nimeijua," nikamwambia Sikudhani
alipofika, nusu saa baadaye.
"Imebaki ya farasi."
Hakujibu.
Alikuwa anachomoa mwiba.