Amanya

Katoni arobaini za sabuni ya mche
nilizivusha Kilambo kwa pantoni, msimu wa korosho,
nikamkabidhi Dinisi Nankungu ng'ambo, Namoto.
Nikauliza fedha. Akacheka kwa adabu: amanya.

Mimi nikasikia amana.
Nikasikia na neno la bibi, kumanya, kujua,
nikajiambia, huyu analijua deni lake.
Nikarudi Mtwara mikono mitupu, moyo mweupe.

Ndivyo nilivyofika kwa fundi Anselmu,
Chikongola, nyuma ya mashine ya kusaga,
mzaliwa wa Mweda, mshona sare za shule.
Elfu mbili kwa saa. Uzi ukikatika
somo husimama, saa haisimami.

Siku ya kwanza akagonga alipoegemea: meza.
Akafungua palipojaa vifungo: kasha.
Akajifuta jasho: leso.
"Sasa unanilipia nini? Haya mnayo kwenu."
Ila gereza, akasema, kule lilikotoka lilikuwa kanisa.
Nikanyamaza. Kumbe hata neno
likisafiri mbali laweza kufungwa.

Siku ya pili nikamletea amanya.
"Kesho," akasema, jicho kwenye tundu la sindano.
Kesho tu? Kesho tu.
Hamna amana ndani yake, hamna kujua.

Miezi mitatu nikahesabu huku nachuja nazi:
kwinzi si sinkwenta, we mwanamke,
usije ukauza cha hamsini kwa kumi na tano.
Somoe mwanangu akinicheka, maana maneno yale
yanataka kupita puani, na pua yangu ni mbishi.

Mwezi wa sita nikavuka tena.
Dinisi alikuwa dukani, juu ya gunia la chumvi.
Oji, nikamwambia. Leo.

Akanitazama kama mtu aliyesemeshwa na mbuzi wake.
Kisha akanijibu kwa Kimakonde,
kilekile cha bibi, kinachoburuta mwisho wa sentensi:
mbona hukusema mapema kuwa wewe ni wa kwetu?

Sikumjibu. Karatasi za forodha
haziandikwi kwa lugha ya bibi.
Akahesabu metikali, noti zimelegea
kama kisamvu cha jana, akafika nusu, akakomea hapo.
Iliyobaki, akasema, amanya.

Safari hii nilisikia vizuri.
Nikaomba kalamu yake mwenyewe,
nikaiandikia ile kesho tarehe.