Chungwa na Uchungu

Yorkton, Januari, nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Nje magari yamechomekwa umeme, damu yao isigande.
Huku chini, ukumbini mwa hoteli,
wafamasia ishirini na wawili,
kila mmoja na chungwa lake.

Miaka thelathini na mmoja nyuma ya kaunta.
Nimesoma miandiko ya madaktari ambayo wenyewe wangeikana.
Nimehesabu vidonge tano tano hadi usingizini.
Ila ngozi ya mtu sijawahi kuivuka.
Dawa niliiweka kiganjani,
mwili ukabaki shauri la mwingine.

"Leo hakuna slaidi," anasema Clarisse Delorme,
mikono ya sweta ameikunja hadi kwenye viwiko.
"Mwaka jana mlisikiliza saa kumi na tano,
mkapewa alama, mkasahau.
Leo vidole ndivyo vinavyosoma."

Nachoma. Chungwa linatoa ukungu mdogo wa harufu,
sebule ya mama yangu, siku ya Krismasi.
Nachoma tena. Sindano wima, mara moja,
si kama mtu anayebisha hodi.
Chungwa halilalamiki.
Chungwa na uchungu ni ndugu wa ulimini tu.

Kisha tunaambiwa: geuka, mtazame jirani.
Jirani yangu ni Gerhard Wiebe,
aliyefungua duka mkabala na langu
mwaka ule mgodi wa potashi ulipofukuza watu,
akachukua nusu ya wateja,
hata yule bibi wa shinikizo la damu
aliyekuwa akiniletea maandazi ya viazi.
Miaka tisa tunasalimiana kwa kidevu.

Anavua shati upande mmoja.
Bega jeupe, na kovu la chanjo ya utotoni,
la duara, kama kifungo kilichoshonwa na mtu mwenye haraka.
Nami nilidhani hana pa kuumia.

Vidole vitatu chini ya mfupa. Hapo.
Hapana, hapo.
Delorme anaushika mkono wangu,
anausogeza upana wa punje ya mchele,
haelezi;
mkono unaelewa, mimi bado.
Maji ya chumvi, nusu mililita.
Spiriti, pamba.
Pumzi yake imesimama. Yangu pia.

Ndani.

"Tayari?"
"Tayari."
"Hata sikusikia."
Mwongo. Masikio yamemwiva.

Zamu yake, sindano inatetemeka hewani
kama bado inatafuta anwani.
Namwona jinsi ambavyo hajapata kuonekana kupitia vioo viwili na barabara:
mtu wa miaka hamsini na saba, anayeogopa kuniumiza.
"Usibishe hodi, Gerhard," namwambia. "Ingia."

Usiku, nyumbani, nalikuta chungwa mfukoni mwa koti,
limeganda jiwe, matundu kumi na saba.
Cheti kitakuja kwa posta.
Bega linauma kidogo, mahali padogo kama senti.
Napaminya,
nijue palipo.