Upindo

Fundi Mselem wa Mtaa wa Biashara hakuwa na habari.
"Nimekuachia upindo wa vidole vinne," akasema,
"watoto hawa hurefuka usiku."
Nikamlipa. Nikangoja na chenji.

Kanzu yako ya Idi, Twalib,
ingali na alama za chaki.

Kikowani nilikupokea mwanandani kwa mikono hii.
Sanda haina upindo.
Watu wakaniambia subira, nikaitikia,
wakanawa, wakala, wakaenda zao.

Jana mamako alizifumua nyuzi, kimyakimya,
akaushusha upindo wote,
akaipiga pasi,
akaitundika nyuma ya mlango.

Imekuwa ndefu kukupita.
Feni ikiipata
hugeuka kidogo,
kama mtu aliyeitwa.